Daktari Wako Ni Yule Mwingine

Cloonagarry, Sligo
8 Mei 2016

Kaka Malachy,

Salamu kwanza, maana Mama angefufuka akisikia binti yake ameanza barua kwa matusi. Goti la wifi yangu Doreen linaendeleaje? Na wewe fundi, lifti zako za Coventry bado zinakwama na watu ndani, au siku hizi watu wanapanda ngazi? Huku mvua haijakatika tangu Pasaka. Bernie Tansey, yule mpeleka barua wetu, kang'atwa na mbwa wa padre, na Jumapili hakwenda misa. Anasema atarudi kanisani siku mbwa atakapotubu. Bucha letu sasa ni duka la simu. Kijana wa pale ameweka vioo vyekundu ukutani, mahali Baba alipokuwa akitundika mapaja ya ng'ombe.

Najua umenipigia mara tatu, na mara tatu nimekata. Sina kiburi, kaka. Kwenye simu maneno yananikimbia. Natafuta neno "sufuria", linakuja wakati wewe umeshasema "halo, halo" mara nne na kukata tamaa. Kwenye karatasi nalisubiri mpaka lije. Basi tuandikiane, kama watu wa zamani.

Sasa jambo lenyewe. Tangu Januari siko sawa, na sisemi habari ya miguu. Huu ugonjwa unaokwangua mishipa yangu ya fahamu una miaka tisa, miguu tumeshaizoea. Nasema habari ya kichwani. Nalia nikivunja yai. Halafu zinakuja siku ambazo silii kabisa, nakaa tu kitandani naangalia dari, na hizo ndizo mbaya zaidi. Nilimweleza Daktari Hanratty, wa mishipa ya fahamu. Miadi ya dakika kumi. Akanigonga magoti, akaniambia nifuate kidole chake kwa macho. Nikamwambia, "Daktari, kuna asubuhi natamani nisingeamka." Akaandika. Akasema, "Hilo ni la wenzetu wa afya ya akili, nitawaandikia."

Baada ya wiki saba wakanijibu. Nakunukulia: "Huzuni yako ni matokeo yanayoeleweka ya ugonjwa wako wa mishipa ya fahamu. Tunakushauri urudi kwa daktari anayekutibu." Nikarudi. Hanratty naye akaandika: "Dalili hizi haziko chini ya idara yetu." Barua mbili, Malachy, nimeziweka mezani zimeelekeana. Napigwa danadana, na wachezaji wote wawili wana digrii ukutani.

Ati ubongo ni wa Hanratty, akili ni ya wale wengine. Nimepasua vichwa vya kondoo miaka ishirini na sita, sijawahi kukuta ukuta katikati.

Nakuomba jambo moja. Wanasema ndugu anaweza kuandika malalamiko kwa niaba ya mgonjwa. Mkono wangu ni mzito, barua hii nimeiandika siku nne. Wewe una kalamu kali, niliiona ulipowaandikia wale wa halmashauri kuhusu mtaro. Waandikie.

Mdogo wako,
Attracta


Coventry
29 Mei 2016

Mdogo wangu Attracta,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa habari zenyewe si za kufurahisha. Doreen anakusalimu. Goti limevimba lakini bado anakwenda kucheza karata Alhamisi, na akishindwa anasingizia goti. Mimi ni mzima. Mwambie Bernie asimsamehe yule mbwa haraka.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Pole sana. Lakini nikushauri kama kaka. Kila mtu ana kipindi cha giza, hasa kwenye mvua kama hiyo yenu. Jitahidi kutoka nje, hata kidogo tu, ukaone bahari. Kula vizuri. Mama alibeba mengi kuliko haya na hakuna aliyemwona akilia.

Kuhusu malalamiko, nadhani ni bora tusichokoze. Na kuhusu wale wa afya ya akili, nakuomba sana uachane nao. Wamekukataa? Shukuru. Usiwaruhusu waandike neno "akili" kwenye faili lako. Neno hilo likishaandikwa halifutiki, na watu wakishalisoma hawakuoni tena wewe. Usiniulize nimejuaje. Baki na Hanratty na dawa zako.

Nakutumia majani ya chai unayoyapenda.

Kaka yako,
Malachy


Cloonagarry
6 Juni 2016

Malachy,

Chai imefika. Asante. Salamu zangu zimeishia hapo.

Nikaone bahari! Kwa miguu ipi? Kutoka kitandani hadi chooni ni hatua kumi na moja, na ya tisa napumzika. Bahari iko maili sita. Nimwombe nani anibebe?

Na Mama usinitajie. Mama hakulia kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Mimi nimeulizwa, nimejibu kweli, na nimefungiwa milango miwili. Halafu nimegonga wa tatu, wa ndugu yangu wa tumbo moja, nikaambiwa nishukuru.

Unaniambia nisikuulize umejuaje. Miaka hamsini sasa watu wa nyumba yetu wananiambia nisiulize. Mbona siku ya kuuza kondoo hamkuniambia nisiulize bei? Ni mambo ya kichwa tu yasiyoulizwa.

Usinitumie tena chai.

A.


Coventry
20 Julai 2016

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nafuu. Wiki sita hujaandika. Doreen anasema nilikuandikia kama meneja anayemwandikia mteja, na kwamba anastaajabu hukunitumia mzoga kwa posta. Pengine ni kweli. Nilikuwa na hofu, na nikiwa na hofu nazungumza kama mzee wa parokia.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata tusi.

Malachy


Coventry
3 Septemba 2016

Attracta,

Leo sina salamu. Bernie amenipigia. Ilibidi nikae chini kwenye ngazi za jengo la watu na begi la vifaa mapajani.

Amesema aliona barua zimelundikana mlangoni, na yangu ikiwemo. Amesema alizunguka nyuma, akavunja kioo cha jikoni kwa kiatu, akakukuta kitandani. Siku tano hujala. Dawa ziko palepale. Amesema ulimwambia, "Funga mlango Bernie, baridi inaingia," kama vile alikuwa amekuja kuazima sukari. Amesema gari la wagonjwa lilichukua saa nzima na nusu, na yeye alikuwa amekushika mkono akikusimulia habari za mbwa wa padre kwa sababu hakujua la kusema.

Kwa nini hukuniambia? Najua, najua. Uliniambia. Tarehe nane Mei uliniambia, kwa mwandiko wako, kwa siku nne. Nina barua hapa. "Kuna asubuhi natamani nisingeamka." Na mimi nikakujibu habari za bahari.

Nimekukasirikia, na sina haki hata kidogo. Nimemkasirikia Hanratty. Nimewakasirikia wale wa upande wa pili. Nimemtukana mteja leo, nitaandikiwa onyo kazini, na waandike.

Siwezi kuja. Usiniulize sababu. Hospitali ile siwezi kuingia.

Malachy


Cloonagarry
19 Septemba 2016

Kaka Malachy,

Nimerudi nyumbani tangu Alhamisi. Habari za nyumbani: kioo cha jikoni kimewekwa kipya, Bernie kakataa nisimlipe kwa lolote ila soseji za damu nilizomfundisha kutengeneza mwenyewe, na ametengeneza kitu ambacho mbwa wa padre amekikataa. Sasa wamelingana.

Sikutaka kufa, kama ndicho unachoogopa kuniuliza. Sikutaka tu kuendelea. Najua kwako ni kitu kimoja. Kwangu vilikuwa viwili, na siku ile vilikaribiana sana.

Wodini walinitibu figo, wakanipa maji ya mshipani, wakanipima damu mpaka nikahisi nimerudi buchani, ila safari hii mimi ndiye niliye kwenye ndoano. Siku ya kuondoka daktari kijana wa wodi akaniuliza, "Nani anashughulikia hali yako ya moyo, huzuni na hayo mengine?" Nikatoa zile barua mbili kwenye mkoba. Akazisoma. Nilimwona shingo ikiwa nyekundu. Akasema, "Kwa bahati mbaya hilo si la wodi yetu."

Wa tatu huyo, Malachy! Nilicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Kicheko kilipokwisha, kikaja kitu ambacho sikuwa nimekihisi tangu Januari. Hasira. Safi, ya moto, kama kisu kilichotoka kunolewa. Ni mara ya kwanza mwaka huu nimetamani kesho ifike, na ilikuwa ili niwatafute hawa watu.

Lakini kwanza nianze na wewe. Unasema huwezi kuingia hospitali ile. Ina majengo mawili: jipya walilonilaza mimi, na lile la zamani la mawe nyuma ya miti, lililofungwa. Bernie anasema lile la zamani ndilo lililokuwa la vichaa. Wewe umetoka kwetu ukiwa na miaka ishirini na mitatu, ukarudi mara nne, mara zote kwa mazishi. Unaogopa nini pale?

Safari hii nauliza.

Attracta


Coventry
16 Oktoba 2016

Mdogo wangu Attracta,

Doreen anakusalimu. Goti wamelipasua, anatembea. Nimeanza na salamu kwa sababu nikikosa mahali pa kuanzia sitaanza.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Unakumbuka dume la ng'ombe lilivyompiga Baba teke la kichwa uani, akakaa wiki tatu na bandeji. Unakumbuka kifafa kilichofuata. Mama alikuwa akikutoa nje kila kikianza, lakini najua ulikuwa unasikia. Usichokijua ni kilichokuwa kinakuja baada ya kifafa. Baba alikuwa anaogopa. Mtu mzima wa mwili ule, mwenye mikono ile, anajikunja nyuma ya mlango wa ghala analia, anasema anaona siku zake zimekatika. Siku mbili, tatu, kisha anarudi kuwa Baba. Mama aliona aibu. Daktari wa mji alisema kifafa na kilio vyote ni ugonjwa wa akili, na kuna mahali pa watu wa namna hiyo. Zilihitajika sahihi mbili. Ya Mama, na ya mtoto mkubwa.

Nilimwambia Baba tunakwenda mnadani. Ilikuwa Machi 1979. Alivaa kofia yake ya mnadani, akachukua fimbo. Tulipofika njia panda nikakata kushoto, akaniambia, "Malachy, mnada uko upande ule." Hakusema kwa hasira. Alidhani nimepotea. Nikaendelea kuendesha. Akaniambia tena pale langoni, "Mwanangu, mnada si huku."

Wewe tulikuambia yuko hospitali ya kifua. Alikaa miaka miwili. Kifafa kilimkuta bafuni peke yake, akafa. Tukamleta nyumbani tukasema ni mapafu. Baada ya mazishi nikapanda feri.

Sasa unajua kwa nini nilikuambia lile neno halifutiki. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya mwingine, na kifo kikamuumbua yeye.

Malachy


Cloonagarry
21 Oktoba 2016

Nilimwandikia barua kila Jumapili. Miaka miwili. Nilikupa wewe ukazitie posta, na ulipohamia kulala bandani kwa wajomba nikampa Mama. Barua zangu zilikwenda wapi?


Coventry
30 Oktoba 2016

Attracta,

Nilimpelekea mbili. Ya kwanza aliisoma, akaiweka ndani ya kofia. Ya pili walikuwa wamempa dawa nzito, nikamsomea mimi. Sijui alisikia. Baada ya hapo sikurudi tena, sikuweza. Zilizobaki nilimpa Mama, akazichoma kwenye jiko. Nilikuwa nimesimama pale.

Sina la kujitetea.

M.


Cloonagarry
12 Novemba 2016

Malachy,

Wiki moja sikuweza kuishika kalamu, na haukuwa ugonjwa. Nilivunja sahani mbili. Moja ilikuwa ile ya harusi yako uliyotutumia Mama na mimi kutoka Blackpool. Nilikuwa natafuta kitu chako nivunje.

Sitakusamehe kwa barua hii. Lakini kuna jambo limetokea, na sina mwingine wa kumsimulia ambaye ataelewa lina uzito gani. Basi kaa usikilize.

Juzi Alhamisi nilimwambia Bernie anipeleke kliniki ya afya ya akili. Akauliza kama nina miadi. Nikamwambia wewe endesha. Nikaingia na kigari changu cha kutembelea, zile barua mbili kwenye kikapu chake. Pale mapokezi kuna dada mmoja mwembamba.

"Una miadi?"

"Sina."

"Bila miadi hutaweza kumwona mtu."

"Sitaki kumwona mtu," nikamwambia. "Nataka mtu anione mimi. Nitakaa hapa mpaka mmoja wenu aone aibu."

Nikakaa. Saa nzima ikapita. Ya pili nayo. Bernie akaninunulia mkate wa jibini. Maneno yalikuwa yananikimbia kama kawaida, ila safari hii niliyaandika mapema kwenye kadi, kwa herufi kubwa. Yule dada akaja kuniambia nazuia njia. Nikamwambia naam, na miezi tisa mimi ndiye niliyezuiliwa. Akasema ataita walinzi. Bernie akamwambia, "Mwite Padraig yule mlinzi, mama yake ni mteja wangu wa barua, nimpe salamu zake." Watu kwenye foleni wakacheka. Kulikuwa na mzee mmoja mikono inamtetemeka, alicheka mpaka akamwaga chai.

Saa nane akatoka daktari mkuu mwenyewe, Breslin, mtu mrefu, sauti ya upole ya kununuliwa dukani. Akasema tuingie ofisini tuzungumze faragha. Nikasema hapana, faragha ndiyo iliyonilaza kitandani siku tano. Nikampa barua ya kwanza. "Soma. Kwa sauti."

Akaisoma kimoyomoyo.

"Kwa sauti, daktari. Mimi macho yangu mabovu."

Akasoma. "Huzuni yako ni matokeo yanayoeleweka..." Alipofika chini akakuta sahihi. Yake.

Nikampa ya Hanratty. Akaisoma nayo, polepole. Nikamwuliza, "Wewe na Hanratty mmewahi kuzungumza habari zangu?" Akasema wanawasiliana kwa maandishi. Nikamwuliza, "Ofisi yake iko wapi?" Akazikunja barua. Yule mzee wa mikono akajibu kwa niaba yake: "Ghorofa ya pili, jengo la jirani. Wanakula kantini moja."

Malachy, nilipandwa na kitu. Nikasahau kadi. Nikamwambia, "Baba yangu alikuwa na kifafa na huzuni, na nyie mkaviita vyote wendawazimu, mkamfungia kwenye lile jengo la mawe mpaka akafa bafuni. Mimi nina ugonjwa wa mishipa na huzuni, mnasema huzuni si ugonjwa. Yeye mlimchukua mzima mzima, mimi mnanikata vipande na kila mmoja anakataa kipande chake. Nimekuwa mwenye bucha. Buchani hata utumbo hupata mwenyewe!"

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hadharani, lile la Baba. Bernie alikuwa amefunika mdomo. Hakuwa anajua.

Breslin akaketi. Kwenye kiti cha plastiki, karibu yangu. Sauti ya dukani ikawa imekwisha. Akasema, "Mama Gilmartin, hiyo barua niliisaini bila kukuona. Tunapata mia na zaidi kwa mwezi, na nyingine tunazirudisha kwa kusoma mstari wa kwanza tu." Nikamwambia hiyo si pole, hiyo ni ripoti. Akasema, "Ni kweli." Kisha akatoa simu akampigia Hanratty palepale. Nikataka isikike kwa wote. Hanratty alikuwa anatafuna kitu. Walizungumza dakika sita. Dakika sita tu! Ikajulikana kuna mwanasaikolojia wa watu wenye magonjwa ya ubongo na mishipa, mmoja kwa kaunti tatu, anayekuja kila Jumanne kwenye ghorofa hiyohiyo ya Hanratty, na kwamba Hanratty angeweza kunipeleka kwake tangu Februari, ila alidhani hilo ni jukumu la Breslin. Na Breslin hakujua yupo.

Nimeingizwa kwenye orodha, nafasi ni ya Januari. Breslin amenianzishia dawa ya sonona, na Hanratty amekagua isigombane na zangu.

Sikurudi nyumbani na furaha. Nilirudi nimechoka kama ng'ombe wa kulima. Niliwaza jinsi ambavyo ingetosha mtu mmoja, mwaka 1979, akae kwenye kiti karibu na Baba.

Yale malalamiko niliyokuomba bado hayajaandikwa.

Attracta


Coventry
4 Desemba 2016

Mdogo wangu Attracta,

Salamu kutoka kwa Doreen, aliyesoma barua yako kwa sauti jikoni mara mbili na mara ya pili akaigiza sauti ya Breslin.

Malalamiko hayo hapo, kurasa saba. Nimetuma kwa mkuu wa hospitali, kwa wizara, na kwa mbunge wenu. Nimeandika tarehe zote. Nimeandika siku tano za Agosti. Sikulainisha neno hata moja. Ukurasa wa sita nimemwandika Baba, jina lake kamili, Dominic Gilmartin, na tarehe ya kuingia na ya kufa, na jina la mtu aliyesaini. Doreen aliuliza kama nina hakika. Nikamwambia nimechelewa miaka thelathini na saba.

Ukisema nije, nitakuja. Ukisema nisije, sitakulaumu.

Malachy


Cloonagarry
17 Desemba 2016

Malachy,

Heri ya Krismasi kwako na kwa wifi. Malalamiko nimeyasoma. Ukurasa wa tatu ulinifurahisha kiasi cha dhambi.

Jumanne ya mwisho wa Januari ndiyo siku yangu ya tatu na huyo mwanasaikolojia. Wanaruhusu ndugu. Uingie mlango uleule, upite nyuma ya miti ile, upande ghorofa ya pili. Kwa lifti au kwa ngazi, shauri yako.

A.


Cloonagarry
19 Machi 2017

Kaka Malachy,

Nimefurahi kusikia mlifika salama, na natumaini umemwomba Doreen radhi kwa ile feri ya mawimbi. Bernie anakusalimu. Anasema umezeeka vibaya lakini unasafisha vyombo vizuri.

Umeniuliza kwenye kadi yako kama ilisaidia. Nikujibu kwa ukweli, maana uongo tumeshaumaliza.

Uliposimama pale njia ya nyuma ya miti, umeshika ukuta na hutaki kusonga, nilikuwa na mambo mawili moyoni. Moja lilitaka kukushika mkono. Lingine lilitaka uendelee kusimama pale, kwenye baridi, hadi usiku. Nilikuacha dakika kadhaa. Nadhani ulijua.

Ndani, ulipomsimulia mwanasaikolojia Loughnane habari za Baba, na ukashindwa kutamka mahali ulipompeleka, nikapiga meza kukwambia sema. Yeye akaniambia, "Attracta, mwache apumue." Nilimkasirikia wiki nzima. Anakaa kimya kama kasisi, halafu anasema kitu kimoja kinachokufuata mpaka nyumbani. Kama kile alichokwambia: kwamba hofu ya Baba baada ya kifafa ilikuwa sehemu ya kifafa chenyewe, ubongo uliochoka, na kwamba angeweza kusaidiwa bila kuhamishwa kitandani mwake. Nilikuona usoni. Hukufarijika, na mimi vilevile. Ingekuwa bora kama angekuwa kichaa, sivyo? Tungesema hapakuwa na njia.

Na mimi ameniambia giza langu lina baba wawili: madoa kwenye ubongo, na maisha yenyewe, kupoteza bucha na mikono. Hakuna haja ya kupima kila tone la chozi limetoka kwa yupi. Dawa inasaidia kiasi. Nina wiki nzuri na wiki za kitandani. Wiki iliyopita nilikuwa kitandani siku mbili, nikampigia mimi mwenyewe, na maneno yaliponikimbia alisubiri.

Jibu la malalamiko limekuja. "Tunasikitika kama ulihisi hukuhudumiwa ipasavyo." Nimeizungushia kalamu nyekundu hiyo "kama", nikairudisha. Andika nyingine. Anza na hiyo "kama".

Yule mzee wa mikono inayotetemeka anaitwa Cathal, alikuwa mwalimu wa hesabu. Nimemkuta kwenye foleni Jumanne. Naye ana barua mbili. Tumekwenda pamoja mapokezi. Yule dada mwembamba alipotuona akainua simu kabla hatujafungua mdomo, akasema, "Daktari Breslin, shuka tafadhali. Amerudi, na safari hii ameleta mwenzake."

Kuhusu Baba. Nimeomba faili lake. Wanasema lipo, kurasa arobaini, na kwamba mtoto ana haki ya kulisoma. Nimewaambia watoto ni wawili. Sitaki kulifungua peke yangu, na sitaki kulifungua na mtu mwingine asiye wewe, jambo ambalo linaniudhi kuliko yote niliyoyaandika humu.

Bado nimekukasirikia. Njoo Pasaka.

Attracta